Mbwa wa zamu na baridi ya Manika

Juni ikiingia, uwanda wa Manika, ilipo Kolwezi, una hali mbili kwa siku moja. Mchana jua linawaka na malori ya madini yanatimua vumbi. Usiku, kwa kuwa Kolwezi iko karibu mita 1,450 juu ya usawa wa bahari, joto linaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Baridi huuma zaidi kuelekea alfajiri, na saa hizo mbwa wa zamu bado wako kazini kwenye maghala na karakana, mahali ambapo kipande cha kebo ya shaba ni pesa taslimu.

Je, wanunuliwe nguo? Kwa mbwa aina ya German Shepherd au Malinois, hapana. Wana manyoya ya tabaka mbili: ya juu magumu, ya chini laini kama sufi yanayoshika joto. Nguo ikilowa humwongezea baridi, tena hunasa kwenye seng'enge. Hata nyayo zina kinga yake. Mwaka 2011 watafiti wa Japani walionyesha kwamba mishipa ya damu humo imelala karibu karibu, hivyo damu inayoshuka huipasha moto ile inayorudi mwilini.

Anayetetemeka ni mbwa wetu wa kienyeji, mwembamba, mwenye manyoya mafupi, pamoja na watoto wa mbwa na wazee. Basenji, mbwa wa manyoya mafupi ambao asili yao ni Kongo hii hii, walionyeshwa kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts, London, mwaka 1937, na leo baadhi yao huko Ulaya huvishwa koti wakati wa theluji. Kwa mbwa wa kienyeji anayelinda duka hapa Kolwezi, blanketi la mitumba lililoshonwa na fundi wa mtaani linatosha, mradi avuliwe jua likichomoza.

Fedha kubwa iende kwenye malazi na chakula. Sakafu ya simenti humnyonya mbwa joto usiku kucha na kumtia sugu kwenye viwiko. Paleti moja ya mbao, nyasi kavu juu yake, paa lisilovuja na mlango usioelekea kusini-mashariki, unakotoka upepo wa kiangazi, humfaa kuliko koti lolote. Kisha sufuria: mwili unaopambana na baridi huunguza chakula kingi, na bukari (ugali) tupu hujaza tumbo bila kumpa mafuta na protini za kutosha. Aongezewe samaki mkavu, mifupa yenye nyama, au mafuta kidogo ya mawese.

Hapo ndipo ushindani wa bei unapoumiza. Kampuni ya ulinzi ikikubali mkataba kwa bei ya kutupa, chakula cha mbwa ni rahisi kupunguzwa kuliko mafuta ya gari, kwa sababu mbwa halalamiki kwa meneja. Naona ni haki mkataba utaje malazi na kiasi cha chakula cha mbwa, kama unavyotaja idadi ya askari. Na mteja anayetia saini mwezi wa Mei aombe kwanza kuonyeshwa banda, aende usiku, apapase sakafu kwa mkono wake.