Ukubwa wa Picha katika Vitabu Pepe vya Afya

Ukurasa wa kitabu kilichochapwa haubadiliki. Mchoro uliopigwa kwa upana wa sentimita 10 hubaki hivyo, asomaye awe muuguzi wa zahanati au mgonjwa aliyelazwa wodini. Kitabu pepe hakina ukurasa wa namna hiyo. Maneno yake hujipanga upya kila kinapofunguliwa, yakifuata upana wa skrini na ukubwa wa herufi aliouchagua msomaji. Picha nayo isipowekewa masharti, simu, kishikwambi na kompyuta huionyesha kila kimoja kwa namna yake.

Kosa lililozoeleka ni kuipa picha upana wa pikseli usiobadilika. Jedwali la dozi lililowekwa kama picha ya pikseli 800 hukaa vizuri kwenye kompyuta. Kwenye simu, ambayo ukurasa wake mara nyingi huhesabiwa kuwa na pikseli 400 hivi, baadhi ya programu huikata upande wa kulia, na safu ya mwisho hutoweka bila msomaji kujua kwamba ilikuwapo. Nyingine huifinya hata nukta isionekane, 2.5 ikasomwa 25. Hapo si suala la urembo tena.

Vitabu vya muundo wa EPUB hujengwa kwa lugha zile zile za kurasa za intaneti, hivyo dawa yake inajulikana: upana utajwe kwa asilimia ya skrini, uwekewe ukomo ili picha ndogo isitanuliwe ikafifia, na kimo kiachwe kijifuate chenyewe. Vipimo vyote viwili vikilazimishwa, picha huvutika. Katika mchoro wa umeme wa moyo, yaani ECG, karatasi ikienda milimita 25 kwa sekunde, kisanduku kidogo ni sekunde 0.04 na kikubwa ni 0.2. Mchoro ukivutwa, visanduku huvutika pamoja na mawimbi. Anayevihesabu bado atapata jibu sahihi, lakini mwanafunzi anayelizoeza jicho lake umbo la wimbi atakuwa amejifunza umbo la uongo. Anayepima kwa rula juu ya skrini amepotea tangu mwanzo.

Jedwali la dozi, kwa kweli, halikupaswa kuwa picha. Waandaaji huipenda picha kwa kuwa ni rahisi kuibandika, ila mgonjwa mwenye uoni hafifu akikuza herufi za kitabu, maneno yaliyomo ndani ya picha hayakui. Jedwali lililoandikwa kwa maandishi hukua pamoja na mengine, na programu inayomsomea asiyeona huweza kulitamka.

Ziko picha ambazo hakuna asilimia iwezayo kuziokoa, kwa sababu thamani yake yote imo katika ukubwa halisi. Herufi za mstari wa 6/6 kwenye chati ya macho ya mita 6 zinatakiwa kuwa na kimo cha milimita 8.7 hivi, ndani ya kitabu pepe kimo hicho hakina mdhamini. Utepe wa kupimia mkono wa mtoto una shida maradufu. Vipimo vyake havitabaki vilivyo, na visomaji vingi vya wino wa kielektroniki hugeuza nyekundu, njano na kijani kuwa kijivu. Picha kama hizo ziandikwe wazi kuwa ni za kuelezea, si za kupimia, na maana ya rangi itajwe kwa tarakimu: kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, na kuanzia 11.5 hadi chini ya 12.5 ni wa kadiri.

Kabla ya kukisambaza kitabu, kifunguliwe kwenye simu ndogo, herufi zikiwa kubwa kabisa, simu ikiwa wima kisha ikilazwa. Msomaji naye akishuku kwamba picha imekatwa, ailaze simu au aiguse picha ili ikue. Tarakimu ya dozi isiposomeka hata hivyo, amuulize mhudumu wa afya kabla ya kumeza dawa.