Je, Wajua? Hewa Haikupokei Papo Hapo

Je, wajua kwamba jina BASE limeundwa kwa herufi za mwanzo za maneno manne ya Kiingereza? Maneno hayo yanataja vitu ambavyo mtu husimama juu yake kabla ya kujirusha na parachuti mgongoni: jengo, mnara wa mawasiliano, daraja na ardhi yenyewe, yaani jabali. Aliyekwisha kuruka kutoka vyote vinne hupewa namba yake ya kudumu. Namba 1 ni Phil Smith na namba 2 ni Phil Mayfield, waliozipata Januari 1981 kwa kujirusha kutoka ghorofa refu mjini Houston, Marekani. Namba 3 ni mwanamke, Jean Boenish. Mumewe Carl, mpiga filamu aliyeueneza mchezo huu kuliko mtu mwingine yeyote, ni namba 4.

Je, wajua kwamba mrukaji wa BASE hubeba parachuti moja tu? Anayeruka kutoka kwenye ndege, kwa kawaida katika urefu wa mita 4,000 hivi, ana mbili, na ana karibu dakika nzima ya kuanguka kabla ya kufungua ya kwanza. Wa jabalini hana ya akiba kwa sababu ikimkatalia ile moja, ardhi itakuwa imefika kabla hajaigusa ya pili. Ndiyo maana huikunja mwenyewe, kwa mikono yake, kamba moja baada ya nyingine.

Je, wajua kwamba hatari kubwa huanzia hapo mtu anapokwenda polepole? Hili ndilo jambo ambalo watazamaji wengi hawalioni, na kwangu ndilo kiini cha mchezo wote. Anayetoka kwenye ndege hukuta upepo wa kasi ya ndege ukimsubiri mlangoni. Akinyoosha mkono, mwili unageuka. Anayetoka jabalini huanza na kasi sifuri. Katika sekunde ya kwanza huanguka mita 5 tu, na hewa inayompita ni hafifu mno kuweza kumsaidia. Sekunde ya pili ikiisha ameshuka mita 20 hivi. Ya tatu ikiisha amepita mita 40, na kasi yake inakaribia kilomita 100 kwa saa. Kwa hiyo kama aliondoka ukingoni kichwa kikiwa kimeinama kidogo, mwili utaendelea kupinduka, na katika sekunde hizo mbili za mwanzo hakuna hewa ya kutosha kuuzuia. Makosa ya mguu wa mwisho kukanyaga mwamba hayarekebishiki angani.

Akiwa na urefu wa kutosha, mambo hubadilika. Baada ya sekunde 12 hivi na mita zipatazo 450, ukinzani wa hewa hulingana na uzito wa mtu, na kasi haiongezeki tena. Kwa aliyelala kifudifudi hukomea kama kilomita 190 au 200 kwa saa.

Je, wajua kwamba mjini Twin Falls, jimbo la Idaho, kuna daraja ambako mtu anaweza kujirusha siku yoyote ya mwaka bila kuomba kibali? Ni Daraja la Perrine, mita 148 juu ya Mto Snake. Asiyefungua parachuti angefika majini katika sekunde kama 6. Kule West Virginia, Daraja la New River Gorge lenye mita 267 hufungwa kwa magari siku moja tu kila mwaka, Jumamosi ya tatu ya Oktoba, na warukaji huja kwa mamia.

Je, wajua kwamba kuna kitambaa kidogo cha mstatili kinachoamua parachuti ifunguke haraka au polepole? Kina tundu katika kila kona, na kamba za parachuti hupita humo. Parachuti inapojaa upepo, kitambaa hulazimika kuteremka taratibu kwenye kamba, na mfunguko hupunguzwa nguvu ili usimvunje mtu mifupa. Kwenye daraja fupi warukaji hukiondoa au hukifunga chini, maana kasi bado ni ndogo na kila mita ina thamani. Wakisahau kukirudisha mahali pake katika mruko mrefu, mshtuko wa parachuti kufunguka unaweza kumuumiza mtu vibaya. Kitambaa chenyewe ni kidogo, lakini hukaguliwa zaidi ya mara moja kabla mtu hajasogea ukingoni.

Je, wajua kwamba parachuti iliyofunguka vizuri kabisa inaweza kuua? Inatosha ifunguke ikiwa imeelekea nyuma. Parachuti ya siku hizi ni bawa. Ikishajaa hewa huanza kusonga mbele mara moja, na kama mbele yake ni ukuta wa mwamba, itampeleka mrukaji ukutani. Ana muda mfupi mno wa kushika mikanda na kuigeuza. Ajali nyingi za majabalini ni za namna hiyo, na mwenye bahati huning'inia katikati ya mwamba akisubiri waokoaji.

Je, wajua kwamba wiki moja ya Februari 1912 ilitoa majibu mawili kwa swali lile lile? Tarehe 2, Frederick Law alijirusha kutoka Sanamu ya Uhuru mjini New York akiwa na parachuti, akatua salama. Tarehe 4, mjini Paris, fundi cherehani Franz Reichelt alisimama kwenye ghorofa ya kwanza ya Mnara wa Eiffel, mita 57 juu, akiwa amevaa koti alilolishona mwenyewe ligeuke parachuti. Wakuu walidhani atarusha sanamu ya majaribio. Aliruka yeye. Koti lilimzonga, akafa pale pale mbele ya kamera, akiwa na miaka 33. Filamu ile ingalipo hadi leo. Sijaona sababu ya kumcheka Reichelt kama wengi wafanyavyo: wazo lake la vazi linalogeuka chombo cha kuruka lilikuwa sahihi, ila urefu ule haukumpa hewa muda wa kufanya kazi.

Mwaka 1966 Michael Pelkey na Brian Schubert waliruka kutoka El Capitan, jabali la karibu mita 900 katika bonde la Yosemite, California. Parachuti zao zilikuwa za duara, zile za kijeshi zinazokwenda upepo unakotaka. Upepo uliwabamiza mwambani. Wote wawili walivunjika mifupa. Schubert hakuruka jabalini tena kwa miaka 40, kisha mwaka 2006 akaenda New River Gorge, akachelewa kufungua, akafariki.

Je, wajua aliyeleta ufumbuzi wa parachuti ya duara ni mtengeneza tiara? Domina Jalbert, katika miaka ya 1960, alishona vyumba vya kitambaa vilivyo wazi kwa mbele, hewa ikaingia na kukifanya kitambaa kuwa bawa linaloongozwa kushoto na kulia. Bila bawa hilo, Carl Boenish asingeweza kwenda El Capitan mwaka 1978 na wenzake kupiga filamu iliyouanzisha mchezo huu kama tunavyoujua.

Je, wajua kwamba huko Yosemite kuruka ni kosa la jinai? Mwaka 1980 mamlaka ya hifadhi za taifa ilijaribu kutoa vibali. Mpango haukudumu hata miezi mitatu. Tangu hapo warukaji hushtakiwa kwa kanuni inayokataza kushusha mtu au mzigo hifadhini kwa parachuti. Juni 1999 Frank Gambalie alitua salama kabisa kutoka El Capitan, akakimbia askari wa hifadhi, akaingia Mto Merced uliokuwa umefurika, akafa maji. Oktoba mwaka huo huo wenzake walipanga mruko wa wazi, mbele ya askari na waandishi wa habari, kuonyesha kwamba mchezo wenyewe si uliomuua. Walijua vifaa vyao vitataifishwa. Kwa hiyo Jan Davis, mrukaji mzoefu, alivaa vifaa vya kuazima ambavyo kifungulio chake kilikuwa pahali tofauti na alipozoea. Hakukifikia kwa wakati. Mumewe alikuwa chini akipiga picha. Kwangu hadithi hizi mbili ni moja: sheria ilikusudia kulinda uhai, lakini hofu ya kukamatwa na kunyang'anywa vifaa ikawa hatari mpya juu ya ile ya zamani. Naamini Yosemite ilipaswa kutafuta njia nyingine, na bado inapaswa.

Norway ilichagua njia ya kati. Trollveggen, ukuta wa mwamba ulio mrefu kuliko zote Ulaya, ulipigwa marufuku mwaka 1986, hasa kwa sababu kuwaokoa watu humo kulihatarisha waokoaji. Ndipo alipofia Carl Boenish Julai 1984, muda mfupi baada ya yeye na Jean kuweka rekodi ya dunia hapo hapo. Siku chache baadaye Jean alipanda tena, akaruka. Lakini Kjerag, karibu mita 1,000 juu ya maji ya Lysefjord, ni halali mpaka leo, na kwa kuwa ni halali, inahesabika. Kati ya 1995 na 2005 iliandikishwa miruko 20,850 na vifo 9, yaani kifo kimoja kwa kila miruko 2,317. Linganisha na kuruka kutoka ndegeni Marekani mwaka 2023: vifo 10 katika miruko ipatayo milioni 3.65.

Je, wajua kwamba warukaji wenyewe hutunza orodha ya waliokufa? Ilianzia 1981 na sasa ina majina zaidi ya 400. Kila jina lina maelezo: mahali, vifaa, hali ya hewa, kilichokosewa. Anayejifunza huambiwa aisome kabla ya kununua parachuti.

Je, wajua suti ya mabawa inafanyaje kazi? Ina kitambaa kati ya mikono na kiwiliwili na kingine kati ya miguu, chenye matundu ya kuingizia hewa. Mtu akishapata kasi, vazi hujaa na kukakamaa kama tairi ya baiskeli iliyopigwa pampu, na mwili unakuwa bawa. Hapo kwa kila mita moja anayoshuka husonga mbele mita mbili na nusu hadi tatu. Lakini vazi nalo linadai muda: lazima kwanza aanguke, mara nyingi zaidi ya mita 100, ndipo lianze kumbeba.

Waliotangulia walilipa bei kubwa. Clem Sohn, Mmarekani, alikufa Vincennes, Ufaransa, mwaka 1937 parachuti zake mbili zilipokataa. Léo Valentin, Mfaransa, aligonga mlango wa ndege kwa mabawa yake ya mbao karibu na Liverpool mwaka 1956. Patrick de Gayardon ndiye aliyeliunda vazi la kisasa, na mwaka 1997 aliweza hata kutoka kwenye ndege, kuruka sambamba nayo, na kuingia tena. Alikufa Hawaii mwaka uliofuata. Mwaka 1999 Jari Kuosma wa Finland na Robert Pečnik wa Croatia walianza kuyauza mavazi haya kwa umma.

Je, wajua kwamba anayeruka akikaribia sana mlima huwa salama zaidi akishuka kwa mteremko mkali? Inaonekana kinyume, lakini hesabu ni rahisi. Anayeshuka kwa kasi ana nguvu ya ziada: akiona mti, hunyanyua kifua, kasi inageuka kuwa urefu, anapita. Anayejinyoosha kadiri vazi linavyoweza hana kilichobaki. Mteremko ulio chini yake ukilala kidogo kuliko njia yake ya hewani, ardhi itampanda polepole na hana la kufanya. Jeb Corliss alipita katikati ya tundu la mlima Tianmen, China, Septemba 2011. Miezi minne baadaye, kwenye Mlima wa Meza, Cape Town, aligonga mwamba akilenga maputo, akavunjika miguu, akapona.

Je, wajua kwamba kuna mtu aliyejirusha kutoka Kilimanjaro? Ni Mrusi Valery Rozov, mwanzoni mwa 2015, kutoka takriban mita 5,460. Katika mwinuko huo uzito wa hewa ni kama asilimia 57 tu ya ule wa usawa wa bahari. Maana yake bawa lile lile linahitaji kasi kubwa zaidi kwa karibu theluthi moja ili kumbeba mtu yule yule, na zile mita 100 za kuanguka mwanzoni zinaongezeka. Mwaka 2016 Rozov aliruka kutoka Cho Oyu, Himalaya, karibu mita 7,700, rekodi ya dunia. Alifariki Novemba 2017 kwenye mlima Ama Dablam, Nepal.

Na kwa wasomaji wetu wa Ghuba: mwaka 2014 Wafaransa Fred Fugen na Vince Reffet waliruka kutoka kilele cha Burj Khalifa, mita 828, wakitumia jukwaa lililojengwa kwa ajili yao.

Je, wajua kwamba mchezo huu wa angani una deni kwa ng'ombe? Bonde la Lauterbrunnen, Uswisi, lina kuta ndefu za mawe, na chini yake ni mashamba ya majani yanayokatwa kulishia mifugo wakati wa baridi. Majani yakikanyagwa huharibika. Badala ya kugombana, warukaji walikubali kununua kadi ya kutua, na fedha yake huwafidia wakulima. Pia hupiga simu kwenye kituo cha helikopta kabla ya kuruka, kwa kuwa helikopta za uokoaji hupita bonde hilo hilo. Rubani akisema ngoja, mrukaji huketi ukingoni na kungoja.