Umeongeza RAM, umeweka diski mpya, na mashine bado inazima?

Kompyuta yako ilikuwa nzee lakini ilikuwa inafanya kazi. Ukaifungua, ukaongeza RAM au ukabadilisha diski, ukajipiga kifua kwamba sasa mambo ni moto. Siku mbili baadaye, skrini ya buluu. Unaiwasha tena, inakaa saa moja, inazima. Unamwita fundi, anabadilisha kitu kingine. Inazima tena. Kama hapo ndipo ulipo wiki hii, weka bisibisi chini kwanza nikupeleke Homa Bay.

Dadangu mkubwa ana saiba ndogo huko, si mbali na steji. Kama umekulia pande zetu unajua saiba haiishi kwa intaneti pekee. Mwezi Juni kuna watu wa ritani za KRA, kuna wanafunzi wa HELB, lakini kinacholipa kodi ya duka ni programu za mazishi. Familia nyingi huzika Jumamosi, kwa hivyo Ijumaa jioni ndiyo saa ya kazi yenyewe: picha za marehemu, wasifu wake, majina ya watoto na wajukuu, nakala mia moja na zaidi, na gari liko nje linangoja kuzipeleka kijijini.

Ijumaa moja mashine ilizima mara tatu kabla nakala ya kwanza haijatoka. Ilipowaka mara ya nne, faili ilikataa kufunguka. Familia ile ilienda kumzika mzee wao na wasifu ulioandikwa kwa mkono, ukatolewa fotokopi duka jirani. Dada alinipigia usiku huo.

"Omera, wewe si ulisomea mambo ya kompyuta?"

Nilisoma, sikumaliza. Karo iliniishia muhula wa tatu, na tangu hapo natengeneza mashine za watu hapa Migori. Lakini dada yako mkubwa akikuuliza hivyo usiku, humpi historia ya karo. Jumapili nikapanda matatu, nikapita Awendo, nikashuka Rongo na kupanda nyingine ya Homa Bay.

Njiani nilimwambia anitajie kila kitu kilichobadilishwa, kwa mpangilio. Aliongeza RAM ya GB 8 kando ya ile ya GB 4 iliyokuwamo. Mashine ikaanza kuzima. Fundi akasema Windows imeharibika, akaiweka upya. Ikazima. Fundi akasema diski imechoka, akamuuzia SSD na kuondoka na ile ya zamani, ikiwa na kazi za wateja za miaka miwili. Ikazima. Sasa alikuwa anadai ubao mkuu, ule mafundi huuita madabodi, ndio umekufa. Pesa zilizotoka zilikuwa zimepita shilingi 9,000 na hakuna mtu aliyekuwa amepima chochote.

Simlaumu sana fundi, mimi mwenyewe nimefanya hivyo. Ukibadilisha kifaa, mteja anaona kazi imefanyika. Ukikaa saa nne ukipima, anaona umekaa tu. Halafu kuna hili la akilini: kifaa kikishalipiwa tunakiona kizima. Tunashuku kila kitu kwenye hiyo mashine isipokuwa kile tulichokiweka jana. Wewe geuza. Kama shida ilianza baada ya kuweka kitu, hicho kitu, mahali kilipokaa na waya zilizoguswa wakati wa kukiweka ndio washukiwa wa kwanza.

Kitu cha kwanza nilichofanya Homa Bay hakikuhitaji bisibisi. Bonyeza Windows na R, andika perfmon /rel, uone. Inafunguka kalenda inayoonyesha siku kwa siku mashine ilipoanguka. Ya dada ilikuwa fupi kwa sababu Windows ilikuwa mpya, lakini wiki tatu zilitosha. Nikazinakili kwenye daftari, tarehe na saa. Pia nikaizuia mashine isijiwashe yenyewe baada ya kuanguka, maana mpangilio huo hukunyima nafasi ya kusoma maandishi ya skrini ya buluu.

Daftari lilionyesha maanguko ya aina mbili. Moja ilikuwa ya buluu, na kila mara ilikuwa na msimbo tofauti: leo MEMORY_MANAGEMENT, kesho IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL. Misimbo ikirukaruka hivyo, shuku RAM kabla ya programu. Ya pili ilikuwa giza tupu, hakuna msimbo, na kwenye kumbukumbu za Windows imeandikwa Kernel-Power 41. Wengi wakiona hiyo 41 wanakimbia kununua pawa saplai. Polepole. 41 inasema tu kwamba mashine ilizima bila kuaga. Haisemi nani aliizima.

Nikaanza na ya buluu. Kuna programu ya bure inaitwa MemTest86, kazi aliyoianza Chris Brady mwaka 1994, unaiweka kwenye flashi na kuwasha mashine kutoka hapo. Inaandika na kusoma kila kona ya RAM na kukuonyesha makosa. Inachukua masaa, kwa hivyo nililala kwenye saiba, kichwa juu ya rimu za karatasi.

Vijiti viwili kwa pamoja: makosa. Nikachomoa umeme kabisa, nikabonyeza kitufe cha kuwasha ili chaji iliyobaki iishe, nikagusa chuma cha kasha, ndipo nikatoa kijiti kimoja. Kile kipya peke yake kwenye nafasi ya kwanza: safi. Cha zamani peke yake, nafasi ile ile: safi. Kipya kwenye nafasi ya pili: makosa. Cha zamani nafasi ya pili: makosa.

Umeona? RAM zote mbili zilikuwa nzima. Nafasi ya pili kwenye ubao, ambayo kabla ya hapo haikuwa na kitu ila vumbi, ndiyo ilikuwa mbovu. Nilipuliza, nikasafisha meno ya kijiti kwa futio la penseli, wapi. Angenunua RAM nyingine kumi bado zingekataa hapo. Nikaacha ile ya GB 8 kwenye nafasi ya kwanza, nikala samaki kando ya ziwa nikijiona profesa, nikarudi Migori.

Ijumaa saa moja jioni, simu. "Imezima."

Buluu? Hapana, giza. Nilikuwa nimeponya ugonjwa mmoja na kusahau kwamba daftari lilikuwa na magonjwa mawili. Nikalifungua. Maanguko ya giza: Ijumaa, Ijumaa, Alhamisi moja, Ijumaa. Yote jioni.

Ningeweza kushuku joto, maana Homa Bay jua si mchezo, na feni iliyojaa vumbi huzima mashine hivyo hivyo. Lakini nilikuwa nimeisafisha, na joto halichagui siku ya wiki. Ningeweza pia kushuku kapasita, zile mikebe midogo kwenye ubao ambazo zikichoka huvimba kichwa. Hizo zimesumbua hata wakubwa: mwaka 2005 Dell ilitenga dola milioni 300 kwa gharama ya kompyuta za OptiPlex zilizokuwa na kapasita mbovu. Ukifungua mashine yako na kuona zimevimba au zinavuja, hapo kweli ongea habari za ubao. Za dada zilikuwa bapa kabisa.

Nikamuuliza, "Dada, Ijumaa jioni mnafanya nini ambacho Jumanne hamfanyi?"

"Tunachapisha programu."

"Printa ni ile ile ya zamani?"

Akanyamaza kidogo. "Hii ya leza niliinunua wiki ile ile ya RAM."

Hakuwa ameitaja kwa sababu haiko ndani ya kompyuta, na mimi sikuwa nimeuliza. Printa ya leza hubandika wino kwenye karatasi kwa joto. Kila inapopasha hicho kifaa cha ndani inavuta mamia ya wati kwa mpigo, nyingine zinapita 1,000. Ya kwake ilikuwa kwenye kebo moja nyembamba ya ekstenshoni pamoja na kompyuta, skrini na chaja za simu za wateja. Jioni, mji mzima umewasha taa na umeme wenyewe uko chini, printa inaamka, volti zinashuka sekunde moja, na pawa saplai ya mtumba inakata tamaa. Ukichapisha karatasi moja moja Jumanne mchana, huoni kitu.

Nikamwambia achomeke printa kwenye soketi nyingine ukutani, peke yake, halafu atoe nakala zote za usiku huo nikiwa kwenye simu. Nilisikia mlio wa karatasi kwa karibu dakika arobaini. Mashine haikutikisika.

Baadaye alinunua UPS ndogo ya kompyuta na skrini pekee. Usichomeke printa ya leza kwenye UPS ndogo, utaizidi nguvu papo hapo.

Diski ya zamani hatujaipata. Fundi anasema aliiuza. Kama unamfungulia mtu mashine leo, diski inayotoka ni mali ya mwenye mashine, irudishe mkononi mwake hata kama imekufa.

Wiki mbili zilizopita, Ijumaa tena, simu ya dada. Moyo ukaniruka.

"Imezima?"

"Stima imepotea Homa Bay nzima. Hii kitu yako inalia pii, pii. Nifanye nini?"

"Save."

"Nimeshasave. Nauliza italia mpaka saa ngapi?"