Mama wa Mautuma hayumo katika fomu ya kodi

JE, ni watu wangapi wanaokutegemea? Mwulize swali hilo mwajiriwa wa Nairobi aliyetoka Mautuma, kule Lugari katika Kaunti ya Kakamega, na huenda vidole vya mikono miwili visimtoshe. Ana mke na watoto. Ana mama mjane anayesubiri pesa za mbolea ya mahindi kabla ya mvua. Ana mpwa aliye shule ya upili na nyanya anayetumia dawa kila mwezi.

Lakini anapojaza fomu ya kodi ya mapato, ambayo mwisho wake ni Juni 30, hushangaa. Hakuna mahali pa kumwandika mama, mpwa wala nyanya ili kodi ipungue.

Kisa ni nini? Sheria ya Kodi ya Mapato ya Kenya inasema wazi kwamba gharama za kujikimu wewe na jamaa yako haziondolewi katika mapato yanayotozwa kodi. Badala yake, kila mkaazi hupewa nafuu moja. Tangu Aprili 2020 nafuu hiyo imekuwa Sh2,400 kwa mwezi, yaani Sh28,800 kwa mwaka. Kapera anayeishi peke yake hupata hizo, na baba wa watoto sita hupata hizo hizo. Hapo zamani sheria ilitofautisha mwenye ndoa na kapera, lakini tofauti hiyo iliondolewa miaka ya 1990.

Bima ndiyo mlango

Jamaa hukumbukwa katika bima. Ukilipia bima ya maisha, afya au elimu kwa ajili yako, mke au mume wako, au mtoto wako, kodi yako hupunguzwa kwa asilimia 15 ya malipo hayo, mradi isizidi Sh60,000 kwa mwaka. Anayelipa Sh4,000 kila mwezi hupunguziwa Sh600. Bima ya elimu sharti iwe ya miaka 10 au zaidi. Bima ya mama haimo, wala karo ya mpwa.

Na mwajiri akikulipia karo ya watoto, usidhani ni ya bure. Huhesabiwa kuwa sehemu ya mapato yako, isipokuwa mwajiri mwenyewe awe ameilipia kodi.

Walio Marekani je?

Wengi hudhani ndugu zetu walio Marekani wana bahati. Kweli, kule mtu anaweza kumhesabu mzazi mwenye mapato madogo, ikiwa humpa zaidi ya nusu ya matumizi yake. Lakini mtegemezi huyo sharti awe raia au mkaazi wa Marekani, ama mkaazi wa Canada au Mexico. Mama aliye Mautuma hayumo huko pia.

Nawe mwanafunzi wa chuo mwenye PIN, usingoje baba akujazie katika fomu yake. Tuma yako, hata kama huna mapato.

Basi, msomaji, itisha cheti cha bima mapema. Kisha keti na mwenzako mpange pesa za nyumbani kutokana na mshahara uliobaki baada ya kodi. Na siku mama atakapodhani unamkwepa, mwonyeshe karatasi ya mshahara. Ataona mwenyewe kilichokatwa na kilichobaki.