Pikapu Kuukuu na Gharama ya Kupuuza

Kila alfajiri pikapu kuukuu huteremka mlima kutoka Lushoto kwenda Mombo zikiwa zimesheheni kabichi, karoti na viazi. Nyingine hupakia samaki Feri, Dar es Salaam. Nyingine hubeba saruji na mabati ya waashi. Nyingi kati yake ziliingia nchini baada ya kutumika Japani, na tangu hapo zimebadili wenyewe mara kadhaa. Hata hivyo bado zafanya kazi, na nyuma ya kila moja ipo riziki ya dereva, utingo, mkulima na mchuuzi.

Kwa hiyo pikapu inapolala gereji, watu hao wote nao wamelala. Yatupasa basi tujiulize: kinachowafilisi wenye magari haya ni uzee wa magari, au ni namna yanavyotunzwa? Hapana shaka uzee una sehemu yake. Lakini sehemu kubwa zaidi ni ya kupuuza. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika injini ukuta huo ni ghali mno.

Tuanze na maji. Ugonjwa mkubwa wa pikapu kuukuu ni kuchemsha. Chanzo chake mara nyingi ni kitu kidogo: mpira wa rejeta uliopasuka, kifuniko kilicholegea, mkanda wa feni uliochakaa, au rejeta iliyoziba kwa kutu baada ya kujazwa maji ya kisima miaka nenda miaka rudi, badala ya maji yenye dawa ya kuzuia kutu. Dereva huuona mshale wa joto ukipanda, lakini mzigo una haraka, naye hujipa moyo kwamba atafika. Joto likizidi, silinda hedi hupinda au hupasuka, gasketi huungua, na maji huingia katika oili mpaka oili ikawa na rangi ya chai ya maziwa. Mpira ambao ungebadilishwa kando ya barabara kwa muda mfupi umezaa kazi ya kufungua injini, kupeleka hedi ikasawazishwe kwenye mashine, kununua gasketi mpya, na pengine kununua hedi nyingine. Wenye Hilux za injini ya 2L-T waujua vizuri msiba huo, maana hedi za injini hiyo zina sifa mbaya ya kupasuka.

Jambo la pili ni mkanda wa taimingi. Injini za dizeli za 2L, 3L na 5L, ambazo zimeenea sana katika Hilux za zamani, zina mkanda huo, nao kwa kawaida huelekezwa ubadilishwe kila kilometa 100,000. Katika magari mengi ya aina hiyo taa huwaka mbele ya dereva umbali huo unapotimia. Lakini mtu aliyenunua gari kwa mkono wa nne atajuaje? Huenda mita ilichezewa, huenda imekufa, huenda taa yenyewe iliungua zamani. Mkanda ukikatika gari likiwa mwendoni, pistoni zaweza kugonga valvu, na safari ikaishia hapo. Kwa hiyo anunuaye pikapu isiyo na kumbukumbu na abadili mkanda, pamoja na beringi ya kuukaza, kabla ya kuipa gari mzigo wa kwanza. Gharama hiyo aihesabu kuwa ni sehemu ya bei ya gari.

Tatu ni mafuta. Katika injini nyingi za zamani pampu ya dizeli hulainishwa na dizeli ile ile ipitayo ndani yake. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa hupunguza ulainisho huo, na pampu pamoja na nozeli hulika. Ni kwa sababu ya uchakachuaji huo kwamba mwaka 2010 EWURA ilianzisha utaratibu wa kuyatia mafuta alama maalumu ili yaliyochanganywa yaweze kutambuliwa. Maji nayo ni adui. Filta nyingi za dizeli zina mahali pa kuyamwaga chini yake, lakini madereva wengi hawajapaonyeshwa kamwe. Na tusisahau kuutazama moshi, maana moshi ni barua ya injini kwa mwenyewe. Mweusi wasema filta ya hewa imeziba au nozeli zimechakaa. Wa buluu wasema oili inaungua. Mweupe usiokoma hata injini ikipata moto waweza kuwa ni maji yanayoingia ndani ya silinda.

Nne ni breki, na hapa si fedha tu zinazopotea. Ili pikapu ibebe mzigo kupita kiasi chake, wengi humwamuru fundi aongeze mabapa ya springi za nyuma. Wasilolijua ni kwamba Hilux nyingi zina valvu karibu na ekseli ya nyuma, yenye kifimbo kinachopima jinsi bodi ilivyodidimia kwa mzigo. Bodi ikidididimia, valvu hupeleka nguvu zaidi kwenye breki za nyuma. Springi zikifanywa ngumu, bodi haididimii. Valvu hudhani gari ni tupu, ikazipunguzia breki za nyuma nguvu zake, na breki za mbele zikabeba sehemu kubwa zaidi ya kazi. Katika mteremko mrefu kama ule wa Lushoto breki hizo hupata moto mpaka zikakosa kushika. Basi bapa likiongezwa, valvu nayo irekebishwe. Na gia ndogo itumike mteremkoni ili injini isaidie kuzuia gari. Lililo bora kuliko yote ni kupakia kile ambacho gari liliundwa kubeba.

Tano ni kutu. Hewa ya pwani, na maji ya chumvi yanayochuruzika kutoka kwenye samaki, huila chesisi kwa ndani ambako jicho halifiki. Mnunuzi asidanganywe na rangi mpya. Na alale chini ya gari, agongegonge chesisi kwa nyundo ndogo, asikilize. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya mgonjwa. Injini yaweza kubadilishwa kwa nyingine, lakini anayenunua chesisi iliyooza amenunua kaburi la fedha zake.

Sasa tuje kwenye hesabu. Tuseme wafanyakazi sita wamechanga akiba yao wakanunua pikapu, nayo yatembea kilometa 2,500 kwa mwezi. Wakitenga shilingi 100 kwa kila kilometa, watakuwa na shilingi 250,000 kila mwezi, yaani shilingi 3,000,000 kwa mwaka. Wakibadili oili kila kilometa 5,000, itakuwa kila miezi miwili. Mkanda wa taimingi utafikia zamu yake baada ya miezi 40. Hakuna hata moja kati ya gharama hizo litakalowakuta usingizini. Lakini wakigawana mapato yote kila Jumamosi, siku hedi itakapopasuka watakopa kwa riba au watauza gari kwa bei ya vyuma chakavu, na akiba ya watu sita itakuwa imekwisha.

Liko jambo jingine ambalo halizungumzwi vya kutosha. Dereva mwingi anafanya kazi kwa kupeleka hesabu: kila jioni kiasi kilichopangwa lazima kimfikie mwenye gari, liwe limepata mzigo au halikupata. Dereva huyo akisimama saa tatu kubadili mpira wa rejeta, hasara ni yake. Akiendelea mpaka injini ikaungua, hasara ni ya mwenye gari. Kwa mpango wa namna hiyo twamshangaa nani anapoufumbia macho mshale wa joto? Mwenye gari aliyemnyima dereva nafasi ya kusimama ameiua injini kwa mkono wake mwenyewe.

Twashauri basi mambo matatu. Kwanza, kila pikapu iwe na daftari lake, liandikwe tarehe, kilometa, kilichobadilishwa na fedha iliyolipwa, ili fundi wa kesho ajue alichofanya fundi wa jana. Pili, fedha ya matengenezo itengwe kabla ya kugawana faida. Tatu, dereva anayesimamisha gari kwa sababu ya hitilafu ya kweli asikatwe hesabu ya siku hiyo. Bali ashukuriwe, kwa kuwa ameokoa mali.

Pikapu kuukuu si aibu. Imejenga nyumba nyingi na kusomesha watoto wengi, na ikitunzwa itaendelea kufanya hivyo. Haiombi makubwa: maji safi, oili kwa wakati wake, mzigo wa kiasi, na mtu wa kuisikiliza inapolalamika. Asiyeisikiliza leo barabarani ataisikiliza kesho gereji, na huko kila neno lake hulipiwa.