Koti la Njano

Tuanzie sakafuni. Katika picha ya Johannes Vermeer iitwayo Barua ya Mapenzi, aliyoichora karibu na mwaka 1669, tunachungulia chumba kutokea mlangoni, na pale kizingitini pana ufagio na sapatu zilizovuliwa. Ndani ameketi bibi mwenye nyumba, koti lake la njano limepambwa manyoya meupe, ala ya nyuzi iko mapajani. Mtumishi amemletea barua. Bibi anamwinulia macho yenye wasiwasi, mtumishi anatabasamu.

Nani mkubwa hapa? Mholanzi wa karne ya 17 alijibu upesi: aliyeketi ni bibi, aliyesimama ni mtumishi wa zamu. Ila siri ya moyo wa bibi imepitia mkononi mwa huyo aliyeacha kufagia. Ukutani nyuma yao kuna picha ya chombo baharini, na vitabu vya mafumbo vya zama zile vilifananisha mapenzi na safari ya bahari. Barua haijafunguliwa, nasi tumekwisha kuisoma.

Jan Steen, mchoraji mwenzake Vermeer, hakuwa na subira ya kunong'ona namna hiyo. Katika picha yake ya 1663 iliyoko Vienna, mama amelala mezani, mtoto anajaribu kiko, nguruwe anazurura chumbani. Juu yao kikapu kinaning'inia kikiwa na gongo la kilema, umaskini ukisubiri zamu yake. Mpaka leo Waholanzi wakiiona nyumba ya vurugu huiita nyumba ya Jan Steen. Naye aliwajua walevi: aliwahi kuendesha kiwanda cha bia Delft, na baadaye kilabu cha pombe Leiden.

Lakini tusizichukue picha hizi kama ushahidi wa mahakamani. Sakafu za marumaru nyeusi na nyeupe tunazoziona ndani yake zilikuwa adimu hata katika nyumba za matajiri. Wengi walikanyaga mbao. Mchoraji alitandika marumaru kwa rangi tu, na mnunuzi, ambaye huenda alikuwa fundi au mfanyabiashara wa kawaida, akatundika ukutani fahari asiyokuwa nayo chini ya miguu. Hata lile koti tuna habari zake. Linaonekana katika picha kadhaa za Vermeer, na orodha ya mali iliyoandikwa nyumbani kwake mwaka 1676 inataja koti la satini ya njano lenye manyoya meupe. Yaelekea mabibi wake wote walivikwa kutoka kabati moja, la mkewe.

Orodha hiyo iliandikwa kwa sababu mchoraji alikuwa amekufa, Desemba 1675. Vita vya 1672 na Ufaransa viliua soko la picha, naye akamwachia mjane wake, Catharina Bolnes, watoto 11 na madeni. Mwoka mikate Hendrick van Buyten peke yake alidai zaidi ya gilda 617. Catharina alimpa picha mbili. Mojawapo ilionyesha watu wawili, mmoja wao akiandika barua.