Mgeni Njoo, Lakini Je, Mwenyeji Amepona?

Wahenga wetu walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ng'ambo ya Bahari ya Atlantiki, katika kisiwa cha Jamaika, uko mji mmoja mdogo uliojengewa gati kubwa kwa matumaini hayo hayo. Mji huo ni Falmouth. Ndugu askari, habari zake zatuhusu ijapokuwa ziko mbali, kwa sababu kati ya mgeni na mwenyeji wa Falmouth pana lango, na penye lango pana mlinzi.

Falmouth ni mji mkuu wa wilaya ya Trelawny, katika pwani ya kaskazini, kiasi cha kilomita 30 mashariki ya Montego Bay. Ulianzishwa mwaka 1769, wakati wa utawala wa Waingereza, ukapewa jina la mji wa Falmouth ulioko Cornwall, Uingereza. Siku hizo wilaya hiyo ilijaa mashamba ya miwa. Merikebu za matanga zilipakia sukari na ramu bandarini, na watu waliofanya kazi katika mashamba hayo walikuwa Waafrika waliotekwa na kuuzwa kama bidhaa. Mji ukatajirika, hata mwaka 1799 ukawa na maji ya mabomba, wakati ambapo miji mingi mikubwa ya dunia haikuwa nayo. Nyumba zile nzuri za mawe na mbao ambazo wageni huja kuzipiga picha leo zilijengwa kwa jasho la watu wenye asili ya bara letu.

Watu hao hawakukaa kimya. Mwishoni mwa mwaka 1831 watumwa wa magharibi ya Jamaika waliasi kwa maelfu, na uasi wao uliharakisha mwisho wa utumwa katika makoloni ya Uingereza. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Agosti 1838, siku ya uhuru kamili, waumini wa kanisa la mhubiri William Knibb walikusanyika Falmouth. Wakatia ndani ya jeneza minyororo, mjeledi na pete ya chuma ya shingoni, wakavizika kama mtu azikavyo maiti. Mji wenye historia kama hiyo una jambo la kumwonyesha mgeni zaidi ya mchanga na jua.

Lakini utajiri ulioletwa na sukari uliondoka na sukari. Baada ya uhuru mashamba mengi yalififia. Mwaka 1846 Uingereza ilianza kuondoa upendeleo iliokuwa ikiipa sukari ya makoloni yake, na bei ikaanguka. Meli za moshi zilipochukua nafasi ya merikebu, zilihitaji bandari zenye kina zaidi kuliko ile ya Falmouth iliyozungukwa na miamba ya matumbawe. Reli ya kutoka Kingston ilipofika Montego Bay mwaka 1894, ilikuwa imekata bara bila kuugusa mji huo. Hivyo Falmouth ukabaki nyuma. Hapakuwa na fedha za kubomoa nyumba za kale wala za kuzitengeneza, zikasimama tu, mbao zikioza na mabati yakiliwa na kutu. Umaskini huo ndio uliouhifadhi mji, na mwaka 1996 Serikali ya Jamaika iliutangaza kuwa eneo la urithi wa taifa.

Ndipo likaja shauri la meli za utalii. Mamlaka ya Bandari ya Jamaika ilishirikiana na kampuni ya Royal Caribbean kujenga gati jipya. Njia ya meli ilichimbwa, na maelfu ya viumbe wa matumbawe wakahamishiwa mahali pengine. Mwaka 2011 gati likafunguliwa, na meli iitwayo Oasis of the Seas ikafunga kamba hapo. Meli hiyo ina urefu wa mita 360, na huchukua abiria zaidi ya 5,000 pamoja na mabaharia zaidi ya 2,000. Wakazi wa Falmouth wakati huo hawakutimia 10,000. Asubuhi moja tu, basi, mji uliweza kupokea wageni wanaokaribia idadi ya watu wake.

Ungetazamia kwamba tangu siku hiyo kila mchuuzi alirudi nyumbani na mfuko mzito. Haikuwa hivyo. Ndani ya eneo la bandari yalijengwa maduka ya vito, saa, mavazi na vinywaji, yenye sura ya kale lakini mapya kabisa. Kulizunguka eneo hilo kuna ua na malango. Meli hukaa kwa saa chache tu. Abiria wengi huwa wamekwisha kununua safari zao melini, na mabasi huwachukua moja kwa moja hadi kwenye maporomoko ya maji ya Dunn's River karibu na Ocho Rios, au Montego Bay, au kwenye mashua za mianzi katika mto Martha Brae. Wengine hununua vitu ndani ya ua na kurudi melini. Wachache ndio wanaotembea hatua mia chache kufika Water Square, katikati ya mji. Wenyeji wamelalamika kwa miaka mingi kwamba meli waiona na faida hawaioni.

Tusiwe wepesi wa kuulaumu ua huo. Mwezi Oktoba 1985 watu wenye silaha waliiteka meli ya abiria Achille Lauro karibu na Misri, na abiria mmoja aliuawa. Baada ya mashambulizi ya tarehe 11 Septemba 2001 nchi Marekani, mataifa yalikubaliana kuhusu kanuni mpya za usalama wa meli na bandari, ambazo zilianza kutumika tarehe 1 Julai 2004. Chini ya kanuni hizo, bandari inayopokea meli za safari za kimataifa lazima idhibiti ni nani anayeingia na nani anayetoka. Bandari isiyotimiza masharti hayo yaweza kukimbiwa na meli. Kwa hiyo ua wa Falmouth ni sharti la biashara yenyewe.

Ua huo uliwekwa kuzuia silaha na watu wabaya wasiifikie meli. Haukuwekwa kumzuia bibi anayeuza maembe asionekane na mgeni, wala kumfundisha mgeni kwamba kila mtu aliye nje ni mwizi. Mgeni akiambiwa neno moja tu la kutisha, kwamba huko nje ni hatari, hatatoka. Akisumbuliwa na wachuuzi kumi wanaomvuta mkono, atatoka mara moja na hatarudi tena. Katika hali zote mbili mwenyeji analala njaa.

Wajamaika wenyewe wamelitambua jambo hili. Nchini humo wamewekwa walinzi wa utalii ambao kazi yao ni kumwelekeza mgeni na kuzuia usumbufu kwa maneno mazuri kabla ya kutumia nguvu. Kwenye gati ya zamani ya Hampden kimejengwa kijiji cha mafundi wa kazi za mikono, ili mgeni akutane na mchongaji na mfinyanzi wa Jamaika. Hizo ni hatua njema, ingawa duka lililo karibu na meli haliwezi kuchukua mahali pa mji wenyewe.

Tena yafaa kukumbuka kwamba biashara ya meli haina dhamana. Mwezi Machi 2020, maradhi ya korona yalipoenea duniani, meli za utalii zilisimama, na Jamaika ilikaa zaidi ya mwaka mmoja bila kuziona. Falmouth ulikwisha kuonja jambo kama hilo zamani, sukari ilipouacha. Mji unaoegemea nguzo moja huanguka nayo.

Ndugu askari na polisi, wengi wetu tumesimama zamu langoni, kambini, mpakani au kwenye uwanja wa ndege. Twajua kwamba mtu wa kwanza ambaye mgeni anamwona si waziri wala mwenye hoteli, bali ni sisi. Twajua pia kwamba raia maskini anayefika langoni na kikapu chake hutusoma usoni kabla hajasema neno. Kupekua ni wajibu, na kupekua kwa heshima ni wajibu vile vile. Askari anayemwonyesha mgeni njia ya sokoni, na kumwambia mchuuzi asimame wapi bila kumtukana, amefanya kazi ya ulinzi na kazi ya uchumi kwa wakati mmoja.

Wazee wa Falmouth walizika minyororo yao mwaka 1838. Wajukuu wao hawapaswi kuitazama meli kupitia matundu ya senyenge kana kwamba wao ndio wageni. Siku mgeni atakapotoka langoni bila hofu, na mwenyeji akamkaribisha bila kumsumbua, ndipo itakapoweza kusemwa kwamba mwenyeji amepona.